Albamu Zangu Ziko Sebuleni na Baba Mkwe

Jumapili, 3 Agosti 2025

Siku ishirini na mbili tangu harusi. Bado nikiamka namtazama Andongwisye kwanza, ndipo natazama saa.

Leo katoka kanisani akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Nikafumbua. Tiketi mbili! Vumbi la Mpakani wanapiga laivu Jumamosi, saa tisa alasiri, hapa hapa Tunduma. Nililia kidogo. Yeye mwenyewe roki haipendi. Anaimba besi kwenye kwaya, na gitaa likikwaruza hushika shavu kama mwenye jino bovu. Lakini alipanga mstari kwa ajili yangu. Wanawake wengine wanaletewa maua, yananyauka.

Vumbi la Mpakani hawana kampuni wala meneja. Wanajirekodi kwenye ghala la kahawa huko Mbozi, wanachoma CD wenyewe, majalada wanayakata kwenye mifuko ya saruji. Albamu tano. Ninazo zote, zimepangwa kwa ubora kando ya deki sebuleni, iliyo bora kushoto. Ya kwanza ni Foleni ya Malori. Ya mwisho ni Kahawa Bila Sukari, ambayo ni ya huzuni tupu na sijui kwa nini waliitoa.

Jambo dogo: kesho baba mkwe anakuja kutoka Ikinga kutibiwa macho. Anaondoka Alhamisi.

Jumatatu, 4 Agosti

Si jambo dogo.

Katika ukoo wa mume wangu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, wala jina lake silitaji, hata humu daftarini. Tukikutana njiani mimi najifunika kitenge na kugeuka, yeye anashusha kofia na kugeuka. Ni heshima, na mimi nina heshima sana. Itaendelea hivyo mpaka tupate mtoto wa kwanza na ukoo ukae utufungulie.

Sasa nyumba yetu ina chumba na sebule. Baba mkwe yuko sebuleni. Deki iko sebuleni. Mimi niko uani na sufuria ya maharage, siku tano kabla ya onyesho, bila wimbo hata mmoja.

Nilimnong'oneza Andongwisye ahamishie deki chumbani. Akasema baba ataona ananyang'anywa. Nikamwambia amweleze imeharibika. Akasema hawezi kumdanganya baba yake. Ndiyo maana nilimpenda, ingawa leo imenigharimu.

Saa kumi nilisikia deki ikiwashwa. Nilidhani ataweka kwaya. La. Aliweka Foleni ya Malori. Alisikiliza kama nusu dakika, akaizima.

Nusu dakika!

Jumanne, 5 Agosti

Baba mkwe kaenda kliniki ya macho na wifi yangu Gwantwa, ambaye amehamia kwetu wiki hii ili apeleke chakula sebuleni na kurudisha vyombo. Nikaingia kufagia. Nikaacha ufagio uanguke.

Albamu zilikuwa zimepangwa upya. Kahawa Bila Sukari imekuwa ya kwanza. Foleni ya Malori imekuwa ya mwisho.

Nikazirudisha. Jioni nilichungulia kwenye tundu la kitasa alipokwenda kunawa: zimegeuzwa tena, na safari hii Foleni ya Malori haimo kwenye mstari kabisa. Kaiwekea kikombe cha chai juu.

Andongwisye anasema huenda baba anapanga kwa rangi. Mfuko wa saruji una rangi gani? Wote ni mfuko wa saruji.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia mama. Nikamuuliza kama mkamwana anaruhusiwa kumwandikia baba mkwe. Mama akafikiri, akasema mila ilikuja kabla ya karatasi, kwa hiyo karatasi haikukatazwa. Kisha akauliza kwani kuna nini. Nikasema mapenzi tu.

Nimeandika kurasa mbili. Nimeeleza kwamba dramu za Foleni ya Malori zinakwenda kama trela linaloachia breki. Kwamba kuku anayesikika kwenye wimbo wa tatu si kosa. Aliingia ghalani mwenyewe, na wakamwacha kwa sababu alilia palepale panapostahili. Kwamba mimi nilikuwepo Vwawa mwaka jana umeme ulipokatika katikati ya wimbo, magitaa yakafa, na mpiga dramu Fanueli akaendelea peke yake huku ukumbi mzima ukiimba. Nilimaliza kwa heshima zote. Nikachomeka barua ndani ya jalada.

Jibu lilikuja baada ya chakula. Hakuandika, macho yana dawa, hata barua alisomewa na Gwantwa. Alitoka mlango wa mbele, akasimama ubavuni mwa nyumba, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta, akamwambia Gwantwa kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Binti yangu, kuna mtu simjui anaandika vizuri sana. Lakini masikio yake yamejaa nta."

Gwantwa akaja uani akaniambia, "Baba anasema masikio yako yamejaa nta."

"Nimesikia, wifi."

"Lazima nikuambie mimi. Wewe hujasikia kitu."

Kisha baba mkwe akaeleza, kwa Gwantwa, kwamba yeye ujanani alijitengenezea gitaa kwa bati na waya wa breki za baiskeli, akapigia harusi za Ileje nzima. Gitaa la Kahawa Bila Sukari, anasema, linapigwa na mtu mwenye njaa, na hilo ndilo gitaa. La Foleni linapigwa na mtu aliyeshiba chipsi.

Chipsi!

Hata hivyo kesho anaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Haondoki. Daktari anataka kumwona tena Jumatatu.

Hilo ningelivumilia. Lakini Andongwisye, moyo wangu, ua la nyumba yangu, alipomwona baba yake kanyong'onyea alimpa tiketi yake ya Jumamosi. Akaja uani anang'aa. Akaniambia kajinyima mwenyewe, ili baba afurahi na mimi nifurahi.

Nikamwuliza kwa upole: kwa hiyo Jumamosi ukumbini tunaingia mimi na nani?

Akakaa chini kwenye ndoo.

Tiketi zimekwisha mji mzima. Kumnyang'anya mzee zawadi aliyokwisha kuipokea kwa mikono miwili haiwezekani. Na mimi nimesubiri Foleni ya Malori waipige tena laivu kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Nikimpisha, sijui watarudi lini. Nisipompisha, nimemvunjia heshima baba wa mume wangu mbele ya Tunduma nzima, na ndoa haijatimiza mwezi.

Andongwisye kaniomba radhi mara sita. Usiku kapika ugali yeye. Ulikuwa mbichi. Niliula wote.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu. Watu wanatazama ng'ombe wa maonyesho kwenye televisheni, mimi nafanya kazi.

Mpango wa kwanza: nilimwomba Gwantwa amwambie baba kwamba onyesho limesogezwa Jumatatu. Gwantwa akasema yeye anabeba vyombo na maneno ya kweli, uongo niutafutie bodaboda.

Mpango wa pili: kande nzito yenye karanga, alale mchana kutwa, nione kama kesho itafaa kurudia. Alikula sahani tatu, akaomba ya nne, akaenda matembezi mpaka kituo cha malori na kurudi. Andongwisye alikula sahani moja, bado kalala.

Mpango wa tatu ni wa akili. Nilipeleka pendekezo kwa njia ya Gwantwa: bendi hupiga vipande viwili, katikati kuna mapumziko. Mmoja wetu aangalie cha kwanza atoke, mwingine aingie cha pili. Hakuna kuonana. Heshima imelindwa.

Baba mkwe akajibu kupitia ukuta kwamba huyo mtu asiyemjua ana busara, achague yeye kipande.

Nikachagua cha kwanza. Nilijifanya kusitasita. Siku zote Vumbi la Mpakani wanaanza na Foleni ya Malori! Siku zote, kila mji. Kipande cha pili ni Kahawa na vilio vyake. Mzee wa watu hajui. Nilijisikia vibaya kama dakika mbili, kisha nikapiga pasi gauni.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika shuka kichwani, kwa aibu, si kwa baridi.

Niliingia saa tisa kamili. Nikapata nafasi mbele kabisa. Fanueli akakaa kwenye dramu, mwimbaji akashika kipaza sauti, akasema leo watabadilisha kidogo. Wataanza na Kahawa Bila Sukari. Yote.

Nilisimama pale saa nzima nikisikiliza albamu ya baba mkwe. Na niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: kwenye wimbo wa nne, lile gitaa likiwa peke yake, nilijikuta nalia kwenye kitenge. Ni mtu mwenye njaa kweli.

Mapumziko. Nikatoka mlango wa kushoto, baba mkwe akaingia wa kulia, Gwantwa akiwa katikati kama askari wa mpakani. Nje Andongwisye alikuwa ananisubiri na mahindi mawili ya kuchoma. Alikuja bila tiketi, asimame tu ukutani na mimi. Nikaegemea bega lake. Nilikuwa na amani kabisa.

Ndipo dramu zikaanza. Trela likaachia breki.

Andongwisye aliniona usoni. Akasema, "Tuse, mke wangu, tafadhali." Nilikuwa nimeshamkabidhi hindi langu.

Nyuma ya ukumbi kuna mlango wanakopitishia vyombo. Hesabu yangu: nitakaa gizani nyuma ya spika, nisikilize wimbo wa tatu tu, nitoke. Nikajifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Nikapenya. Nikasukuma pazia nililodhani ni la stoo.

Lilikuwa la jukwaa.

Nilisimama nyuma ya Fanueli, kwenye taa, na mstari wa mbele kabisa, hatua tano kutoka kwangu, alikuwa baba mkwe na koti lake la kanisani.

Nikageuka nikampa mgongo. Yeye akashusha kofia mpaka kidevuni akageuka akanipa mgongo. Mimi nikitazama ukuta, yeye akitazama mlango, hakuna aliyethubutu kusogea. Nilipoibia jicho kidogo begani, nikaona vijana waliokuwa karibu naye wanamtazama mzee huyu aliyeipa bendi mgongo, kafunika uso, anatikisa mabega kwa hofu. Wakadhani ni mtindo. Wakageuka na wao. Wakafunika nyuso kwa kofia na mitandio. Wakatikisa mabega. Kabla ya kuku wa wimbo wa tatu kulia kwenye spika, ukumbi wote wa Tunduma ulikuwa umegeuka, unacheza ukitazama mlangoni.

Fanueli aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kuona heshima kama ile. Nami sikuwa na nguvu ya kumweleza ni heshima ya nani.

Jumapili, 10 Agosti

Faini ya kuonana na baba mkwe: jogoo mmoja mweupe, na niombe radhi kupitia Gwantwa nikiwa nimepiga magoti uani. Nimeomba. Baba mkwe akajibu kwamba huyo mtu asiyemjua amesamehewa. Akaongeza kwamba wimbo wa tatu unasikika vizuri ukiupa mgongo, na kwamba kuku yule ana sauti. Foleni ya Malori imepanda, iko ya pili.

Mimi, sitaki kulizungumzia, nimeiacha Kahawa Bila Sukari ya kwanza. Kwa leo tu.

Andongwisye alinishika mkono kanisani ibada nzima.

Jumatano, 13 Agosti

Vumbi la Mpakani wanapiga Vwawa tarehe 18 Oktoba! Andongwisye ameahidi tiketi mbili, na ameapa kwamba safari hii ni mimi na yeye.

Sikutaka kubahatisha. Mzee kapenda bendi, na akisikia habari atakuja. Nikafikiri: mtu anafuata onyesho kwa sababu nyumbani hana muziki. Basi jana wakati anaondoka kurudi Ikinga nilimfungashia albamu zangu zote tano, na deki, na spika zake. Gwantwa akamsindikiza. Akishashiba muziki kwake, Vwawa atafuata nini? Nyumba ni kimya mpaka nasikia maji yakichemka kwa jirani, lakini nilikaa na Andongwisye tukasikiliza huo ukimya, na ulikuwa mzuri.

Gwantwa kapiga simu sasa hivi. Wamefika salama. Baba aliwasha deki uani jana hiyo hiyo, ndugu zake wakaja kusikiliza, leo wamerudi asubuhi kabla ya chai. Wanabishana vibaya kuhusu albamu ya tatu. Wamekubaliana jambo moja tu, kwamba Oktoba wanakwenda wote Vwawa. Wazee saba.

Kwa mila ya ukoo, ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe.

Saba.

Ukumbi wa Vwawa una milango minne na dirisha moja kubwa la nyuma. Nimemwomba Andongwisye rula na penseli, kaniletea na busu. Nimeanza kuchora ramani.