Majibu ya Utafiti wa Tumbaku Mbichi, Ipole

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa uhaba wa wageni ni mimi mwenyewe, Xavery, mratibu mstaafu, Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, Baba Mchungaji, Sheikh Mabruki, uliyetoka Tabora mjini kwa pikipiki katika njia waliyoipita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu mabegani, ukafika umechoka kuliko wao, wafuga nyuki, wanakwaya, chama cha kuzikana, na kina mama wa Kikundi cha Tujaribu: mwangaluka! (Wananchi: Mwangaluka!)

Nimepewa dakika tano, na daktari amenipa miezi mitatu, hivyo naomba nisikatizwe. (Kicheko. Mtendaji anaangalia saa.)

Ndugu wananchi, itakumbukwa kwamba miaka tisa iliyopita nilisimama hapa hapa nikiwa na tumbo kubwa na suti ya kaki, nikazindua Mradi Shirikishi Jumuishi wa Utafiti wa Afya ya Wachumaji wa Tumbaku, wenye stekiholda wa ngazi zote, besilaini, fidibaki na mpango mkakati, ambapo vikundi vyenu vya hiari vilipitishwa katika hatua saba za ushirikishwaji ninazozikumbuka hadi leo: kualikwa, kuandikishwa, kukaa, kusimama, kupigwa picha, kushukuru na kusubiri. (Makofi ya mazoea.)

Mafanikio yalikuwa makubwa mno. Tulifikia asilimia mia moja na kumi na nne ya walengwa, kwa sababu wengine waliandikwa mara mbili, na marehemu wanne wa chama cha kuzikana walihudhuria wokshopu zote bila kuchelewa. (Kicheko. Sauti: “Ndio waliokuelewa!”) Kibao cha mradi kilisimikwa, na najivunia kutangaza kwamba bado kinatumika, kwani nimekiona leo asubuhi ni mlango wa bani la kukaushia tumbaku la Mzee Kasimiri. (Kasimiri: “Kinazuia moshi vizuri, mheshimiwa!”)

Sasa niwataje kina mama wa Tujaribu, maana katika wokshopu zile zilizojaa wasomi, swali walikuwa nalo wao peke yao. Waliuliza: kwa nini tukichuma majani yenye umande tunatapika na kuona kizunguzungu, na je, mwenye mimba achume au asichume? Mimi, mwenye vyeti viwili na kalamu tatu mfukoni, niliwajibu kwamba swali hilo ni zuri na litachakatwa. Wao hawakungoja lichakatwe. Kila jioni walikutana uani kwa Bertila, na kila aliyetapika siku hiyo alitumbukiza punje moja ya mahindi kibuyuni, mahindi meupe kwa siku kavu, ya njano kwa siku ya umande, na aliyeharibikiwa mimba alitumbukiza kunde moja. Msimu mzima. Kisha wakaniletea kibuyu kile ofisini, wakaketi sakafuni, wakasema, “Baba, utafiti wetu huu hapa.”

(Bertila anasimama nyuma: “Shikamoo, Mzee Xavery.”)

Marahaba, mayo, mama yetu.

(“Mwanangu Recheli huyu hapa, mimba ya miezi mitano. Mbili zimeshatoka. Ulimwambia asiache kuchuma mpaka majibu yatoke, asije akakosea kabla ya wataalamu. Wiki ijayo tunaanza kuchuma. Majibu yako wapi?”)

Nakuja huko, mayo, nakuja. Ofisa hafiki mahali kwa njia iliyonyooka. (Hakuna anayecheka.)

Data zenu zilipokelewa. Zilipigwa muhuri juu ya kibuyu. Katika taarifa nikaandika kwamba sampuli zimehifadhiwa katika mazingira yanayofaa. Halafu nikazipeleka nyumbani, nikazimwaga uani, na kuku wangu wakala matokeo yote, ya njano na meupe, na zile kunde. Kunde zilikuwa tatu. Jogoo ndiye aliyezila. Kibuyu nilikitia asali ya Ipole, nikampelekea mkubwa wangu, akanisifu kwa kuwa karibu na jamii.

(Sauti: “Mwogope Mungu, mzee!”) Ndiyo maana nimekuja.

Kila mwaka mliponiuliza niliwaambia subirini, na kwa heshima yenu kwa mtu mwenye suti mlisubiri, mkaendelea kuingia shambani alfajiri majani yakiwa yamelowa. Recheli, wewe ulitaka kuacha. Mimi nilikuita mkaidi mbele ya mumeo.

(Bertila: “Mzee, unadhani tuliacha kuhesabu? Vibuyu vinane viko darini kwangu, kimoja kila msimu. Katika kila kimoja mahindi ya njano yanazidi, meupe hayafiki hata nusu yake. Tulikuwa tunangoja wewe utuambie kama tunaruhusiwa kuamini.”) (Minong’ono. Recheli anamwambia mama yake, kwa sauti ya kusikika: “Basi wiki ijayo mimi siingii kwenye umande.” Mumewe anainamisha kichwa, kisha anasema: “Nitachuma mimi, jua likishakausha.”)

Kuhusu mimba sina jibu, Recheli, na hakuna mtu aliyewahi kulitafuta isipokuwa mama yako. Vishusheni vibuyu, vibebeni wenyewe mpaka kwa daktari wa kweli, mkae naye mezani wala si sakafuni, na akiwaambia swali lenu ni zuri, msiondoke.

Kwa kumalizia, naomba mnyooshe mikono. Ushirikishwaji! (Wananchi kimya.) Utafiti kwa maendeleo! (Kuku mmoja analia.) Kikundi cha Tujaribu! (Kina mama: “Tumejaribu!”)

Nawashukuru kwa kushiriki kikamilifu, kwa dole gumba na kwa subira ya miaka tisa, katika mradi niliouanzisha kwa kibao, muhuri na picha, ambao haukuwahi kuwa na mtafiti hata mmoja, isipokuwa ninyi.