Ng'ombe wa Maua Aliyekataliwa Ukweni

Mhunze, Jumanne

Bi. Klara, mpambaji wa harusi, Runzewe,

Natumaini ulifika salama. Sisi bado tuko huku.

Nakuandikia kama baba wa bwana harusi, Thobias, kuhusu ng'ombe dume uliyemtengeneza kwa waya, sponji na mawaridi meupe, ukamsimamisha getini kwa wakwe zetu Jumamosi. Unajua kuwa kwetu Wasukuma ng'ombe akiingia ukweni hukaguliwa. Wako naye alikaguliwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi. Mzee Jilala, baba mkubwa wa bibi harusi, alimzunguka ng'ombe, akatangaza mbele ya wageni, "Huyu anachechemea." Ulisema ardhi haiko sawa. Tukamhamisha. Akaegemea upande uleule.

2. Hana meno. Mzee aliingiza mkono kinywani, akatoa sponji, akauliza, "Tumchungie wapi, kwenye duka la magodoro?"

3. Ulimjibu, "Babu, hili ni pambo tu." Akasema, "Mayu, mama yangu, pambo lina pembe za nini?" Ukakunja ngazi yako ukaondoka. Swali limebaki kwetu.

4. Wazee wamesema bibi harusi, Violeth, hatoki kwao kwa mahari ya ng'ombe mgonjwa. Tukaomba tumwondoe ng'ombe. Wakasema ng'ombe akirudishwa, na ndoa imerudishwa. Kwa hiyo hatuwezi kumtoa wala kumwacha. Thobias amefunga ndoa kanisani, na mkewe anamwona dirishani.

5. Ng'ombe anakonda. Mawaridi yamenyauka, mbavu za waya zimetokeza, nasi tunalaumiwa kwa kumnyima majani. Mama Thobias alimmwagia maji apate nafuu. Yalipotokea chini, wakasema anahara.

6. Bwana mifugo amekataa kumtibu, ila ameandika kwamba hana homa. Ni hilo tu wazee wamelikubali.

Naomba basi urudi upesi na mguu mrefu zaidi, meno, na mawaridi ya kumnenepesha, ili mwanangu aende kwake na mkewe.

Wasalimie mafundi wako wote na majirani. Huku wote wanakusalimu, isipokuwa Mzee Jilala, ambaye atakusalimu ng'ombe akipona.

Ni mimi ninayekusubiri,
Sostenes Mayala (Baba Thobias)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nimeambiwa Thobias na Violeth wameondoka kwa bodaboda, wakipitia getini mchana kweupe. Wazee hawakuwaona. Walikuwa wameinama wote chini ya ng'ombe, wakibishana ni mguu upi hasa ulio mfupi. Tafadhali usije kuurefusha. Sisi wengine bado hatujatoka.