Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Mwisho ya Kujiandikisha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mke wangu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu. Wakuu wa idara mliopo, mlioko njiani na mliotuma madereva. Vijana wetu, viongozi wa kesho na pengine keshokutwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mlinzi anafunga mlango.)

Nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Kuwajengea Vijana Uwezo wa Kupiga Kura, ambao awamu yake ya majaribio imeonyesha kwamba asilimia mia na nne ya vijana sasa wanaelewa umuhimu wa kura, ongezeko ambalo wataalamu wameshindwa kulieleza. (Vicheko. Binti wa mstari wa mbele ananyoosha mkono.)

Shusha mkono, mwanangu, maswali yapo awamu ya pili. (Binti: "Si swali, mzee. Uandikishaji unafungwa leo saa kumi, na kwenye dirisha la kuandikisha hakuna mtu tangu asubuhi!") Mnaona? Huo ndio mwamko ninaousema! Mpigieni makofi! (Wakuu wa idara wanapiga.)

Dirishani hakuna mtu, binti yangu, kwa sababu mimi, baada ya mashauriano mapana na nafsi yangu, niliagiza karani wa uandikishaji aje hapa na mashine yake, kwani bango letu ni refu na upande wa kushoto haukuwa na wa kulishika. (Karani: "Bosi, si niwaandikishe hapahapa?") Ukiachia, ndugu yangu, picha zitatoka na ukuta. (Binti: "Nitalishika mimi, mzee.") Safi! Huo ni uzalendo! (Binti anashika bango. Karani anajipenyeza nyuma ya bango na mashine yake.)

Sasa nifupishe, nikianza na utoto wangu. (Miguno.) Mimi sijawahi kuchaguliwa na mtu; niliteuliwa na Meya wetu mpendwa, na ndiyo maana suala la uchaguzi nalizungumzia bila upendeleo wowote. (Kijana mwingine anampokea binti bango. Sauti nyuma ya bango: "Kidole hapa, dada. Bonyeza. Haya, mwingine!") Naona mnavyopokezana bango, hadi foleni imefika mlangoni! Huko ndiko kujengewa uwezo, na mpiga picha asikose hata mmoja.

Sasa itikieni kaulimbiu yetu: Kura yangu! (Nyuma ya bango: "Usisukume, wewe!") Sauti yangu! (Saa ya ukutani inagonga saa kumi. Vigelegele.)

Nahitimisha kwa kuwashukuru walimu wa mpango huu, ambao hatukuwaajiri. Mchapaji wa vijitabu, ambavyo havikuandikwa. Na zaidi mpiga picha, kwa kuwa picha zikishatoka, mpango utakuwa umekamilika. Mna la nyongeza?

(Binti, akipeperusha kadi yake mpya ya mpiga kura ili wino ukauke: "Tunashukuru, mzee. Msalimie Meya aliyekuteua. Mwambie tutaonana naye kwenye sanduku la kura.")