Viazi vya Mashine na Mbuzi wa Mama Mkwe

Wenzangu wa Kasulu, leo nimeadhirika. Nawaandikia mikono bado inanuka moshi.

Mnajua tangu niolewe hapa Kitahana napika kwenye jiko la mama mkwe. Chungu chake, kuni zake, hata chumvi anatia yeye. Bibi harusi hapewi mafiga yake matatu mpaka apike peke yake, mama mkwe ale na kuridhika. Mtihani wangu ulikuwa leo. Mtu mwenye akili angechemsha viazi na maharage, akapata jiko lake. (Mimi sikuwa huyo mtu.)

Juzi Filipo, mume wangu, alipeleka maharage huko Kasulu, akapita dukani kwa Mzee Abdu. Mzee huyo ana ndugu pwani, na kila kitu cha ajabu kinachokosa mnunuzi huko humfikia yeye. Akamuuzia mashine. Ni jiko dogo la bati lenye mpini wa kuzungusha: upande huu kuku anageuka juu ya mkaa, upande wa pili kisu kinakata kiazi kuwa utepe mrefu. Alimwambia Ulaya watu hawapiki tena, wanazungusha tu. Filipo akaamini. Mimi nikaamini kumzidi.

Basi asubuhi nikawasha mkaa uani, nikamtunga kuku kwenye chuma chake, nikaanza kazi. Jamani, raha! Viazi nilivitia na maganda yake (kumenya nikaona ni ushamba), vikawa vinatoka vimejisokota, nami navitandaza juu ya wavu viive. Tatizo moja tu. Nikizungusha taratibu kisu kinakwama, nikizungusha haraka kuku anacheza ngoma. Nikaamua kuku acheze.

Mara mama mkwe huyo, mapema kuliko tulivyoagana.

"Mwakeye," akasema.

Nyie ni Waha wenzangu, salamu yetu mnaijua. Huwezi kumwamkia mama mkwe kwa mkono mmoja huku wa pili unazungusha kuku. Nikaacha mpini, nikapiga magoti, nikapiga makofi. Tukaulizana walivyolala watu, ng'ombe, mvua, mihogo, na mgonjwa wao aliyelazwa Kibondo. Mama mkwe hana haraka na salamu. Nyuma yangu nasikia mafuta yanalia kwenye mkaa. Nanusa. Naye ananusa. Tunaendelea na makofi. Tulipomaliza, kuku upande mmoja alikuwa mkaa mtupu, upande wa pili mbichi, kama ndiyo kwanza amenyonyolewa.

Sikukata tamaa, viazi vilikuwepo. Nikavijaza kwenye kikapu, vimekauka, vimejikunja, vina rangi ya udongo. Nikavitenga mbele yake kwa heshima zote, nikaenda kuchukua maji ya kunawa.

Narudi, kikapu hakipo na mama mkwe hayupo. Filipo ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikuwa anawamwagia mbuzi viazi vyangu vyote, tena anawabembeleza wasigombane.

"Maganda nimeshakutolea, mwanangu," akasema. "Sasa lete viazi."

Wenzangu, nilitamani kulia. Jiko langu nililiona likiliwa na mbuzi hivi hivi.

"Mama, viazi ndivyo hivyo."

Akawatazama mbuzi. Akanitazama mimi. Kisha akakaa chini pale pale, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. (Filipo naye akacheka. Atalala njaa wiki nzima.) Baadaye mama mkwe akaingia jikoni kwake, akapika viazi na maharage, nami kwa aibu yangu yote nikaongeza mara mbili.

Mkipita kwa Mzee Abdu akiwaonyesha mashine nyingine, semeni mmeshiba. Hii ya kwangu inafaa kuku watagie mayai.

Jioni mama mkwe akaniita uani. Alikuwa amebeba mafiga. Moyo ukanidunda kwa furaha. Akaweka la kwanza, akaweka la pili, akakung'uta mikono. Nikamuuliza la tatu liko wapi.

"Mbuzi hawakubakiza hata kiazi kimoja, kwa hiyo hayo mawili wamekupa wao," akasema. "La tatu utalipata siku nitakayokula mimi."

Basi niko uani na mafiga mawili. Anayejua chungu kinachosimama juu ya mawili aje anifundishe, ila amalize kucheka huko huko Kasulu.