Muuguzi wa Sindano na Kiwavi cha Bati

Jongeeni, enyi wenye masikio yenu na mlioazima, enyi mliokaa vitini na mlioegemea milango. Acheni sufuria zichemke peke yake, maana leo hapasimuliwi habari za wafalme waliogombania miji, wala za majemadari waliovuka majangwa, bali jambo zito kuliko hayo, lililotendeka Jumamosi mchana kweupe mbele ya watoto wachanga na muuza soda: jinsi Muuguzi wa Sindano alivyopanda Kiwavi cha Bati, akazunguka, akashuka akiwa mzima. Ewe ulimi wangu, simama imara, wala usitie chumvi zaidi ya ile inayohitajika.

Palikuwa na mwanamke mrefu wa kimo, mpana wa mabega, aliyetawala chumba cha sindano katika zahanati ya mtaa wao. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha sahaulika. Watu walimwita Bi Sindano, na hata yeye aliitikia. Mbele yake walipita wabeba mizigo wenye shingo nene, wakamwomba radhi kwa makosa ambayo hakuwauliza. Askari mmoja alizirai akiwa bado kwenye foleni. Na kila aliyekuja, mkubwa kwa mdogo, aliambiwa maneno yaleyale: "Hakuna kitu hapo. Tazama kalenda." Mgonjwa aligeukia kalenda ya ukutani, na kabla hajajua ni mwezi gani shughuli imekwisha. Katika himaya ile woga ulihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Lakini mganga hajigangi. Shujaa huyu ambaye hakuogopa damu, wala usaha, wala mganga mkuu wa zahanati, aliogopa mabembea. Chochote kilichomnyanyua mtu juu na kumzungusha eti kwa ajili ya kumfurahisha kilimkimbiza tangu utotoni. Aibu hiyo aliificha kwa hila ya kijemadari: jamaa walipokwenda kwenye uwanja wa michezo, yeye alijitolea kulinda mikoba. Lazima mtu abaki na mizigo, alisema, na ndugu zake wakamsifu kwa moyo wake wa huruma.

Hata ikawa mtoto wa kaka yake, msichana wa darasa la pili aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, akashikwa na mafindofindo. Koo likavimba, likanywea, likavimba tena, na usiku mtoto akawa anakoroma na kukatika pumzi hata baba yake akakaa macho kando ya kitanda akimsikiliza. Daktari akasema yakatwe, wala wasichelewe. Siku ikapangwa, Jumanne. Chiriku aliposikia neno hilo "yakatwe" aliingia uvunguni, akafumba kinywa, na yule ambaye nyumba nzima ilikuwa ikimwomba anyamaze tangu alipoanza kusema, sasa akawanyamazia kweli. Baba akabembeleza, akaahidi, akatisha, akabembeleza tena. Mwisho akapiga simu kwa dada yake mkubwa.

Bi Sindano alifika na sare yake ya kazi, akatazama kitanda kama jemadari anayetazama ngome, kisha akalala kifudifudi sakafuni, kwani hapakuwa na njia nyingine ya kuonana na adui uso kwa uso.

"Ewe binti wa kaka yangu," akanena, shavu lake likiwa juu ya saruji, "uliyepokewa duniani kwa mikono yangu hii, chipukizi la ukoo usiojua kurudi nyuma, toka huko. Utalazwa, utasinzia, utaamka, na mafindofindo yatakuwa yamekwenda zake. Hakuna kitu hapo."

 Uvunguni ikatoka sauti ya kukwaruza.

"Kama hakuna kitu, mbona wewe hupandi mabembea?"

"Mimi hulinda mikoba."

"Mikoba haina miguu, shangazi."

Lo! Ngome ilikuwa imemshambulia jemadari.  Na kwa kuwa mtu aliyelala kwa tumbo, mwenye vumbi puani, hana heshima kubwa ya kulinda, Bi Sindano akakiri. Akasema kweli anaogopa, anaogopa sana, na asimwambie baba yake. Chiriku akatafakari jambo hilo kwa uzito wake wote, kisha akatoa masharti: shangazi akipanda, na yeye atakwenda Jumanne, shangazi asipopanda, yeye anahamia uvunguni moja kwa moja na waanze kumletea mto. Wakakubaliana kwa kushikana vidole vya mwisho, na mkataba ukawa mkataba.

Jumamosi ikafika, kama siku mbaya zinavyojua kufika. Likaondoka jeshi la watu watatu: mbele Chiriku, aliyevaa viatu vyake vizuri, katikati Bi Sindano, aliyevaa raba na uso wa msiba, nyuma kaka mtu, asiyejua siri, aliyeshangaa kukabidhiwa mkoba wa dada yake langoni. Ndani ya uwanja mitambo mikubwa ilinguruma. Lilikuwako gurudumu refu kuliko nyumba za ghorofa za jirani, na minyororo iliyorusha watu pembeni wakiwa wamekalia viti, na mashua ya chuma iliyopanda mbele ikapanda nyuma, abiria wake wakipiga mayowe ambayo Bi Sindano, kwa sikio la kitaalamu, aliyatambua kuwa ya kweli. Jasho likamtoka mahali ambapo hakujua kuwa jasho hutoka.

Lakini Chiriku, ama kwa huruma, ama kwa kuwa kimo chake hakikuruhusiwa kwingine, aliyapita majabari yale yote akaenda kusimama mbele ya Kiwavi.

Mlikwisha kukiona? Kilikuwa cha bati, kimepakwa rangi ya kijani, kina kope ndefu na tabasamu la kutoka sikio hadi sikio, na mgongoni kilibeba viti vidogo viwiliwili. Reli yake ilipanda kilima kisichozidi kimo cha mlango wa chumba cha kulala, ikateremka, ikazunguka ua la plastiki, ikarudi. Foleni yake ilikuwa ya watoto wa chekechea na mmoja aliyekuwa bado na chupa ya maziwa. Bi Sindano alipokiona kimesimama alitaka kucheka. Kisha kikaondoka, kikafika kilimani, kikatoa sauti ya mnyororo ka-ka-ka-ka, kikaning'inia kidogo pale juu, kikatumbukia. Cheko likamkauka.

Hapo ndipo watu wa foleni walipoanza kumpita. Kila zamu yake na Chiriku ilipokaribia, shujaa wetu alimpisha mtu: mwenye mtoto mchanga apite, wenye haraka wapite, yule wa chupa ya maziwa apite kwanza maana maziwa yataharibika. Na mwishowe foleni ilipowaishia, akageuka nyuma kabisa, akakuta kaka yake anamtazama, na mkoba umemning'inia begani.

"Dada, unaumwa?" akauliza.

"Siumwi," akasema Bi Sindano. "Nipe huo mkoba niushike, wewe upande na mwanao."

Mwendesha mtambo, mwanamume mwenye kofia ya jua aliyekuwa akitafuna karanga, alimwangalia kwa uvumilivu wa mtu aliyeona mengi. Akamwambia asiogope, hakuna kitu hapo, hata hatahisi. Bi Sindano, aliyesema maneno hayohayo kwa umati wa watu, kwa mara ya kwanza aliyasikia yakiingia badala ya kutoka, na akagundua kuwa ni maneno ya kuudhi mno. Mwendesha mtambo akangoja, akameza karanga, akaongeza:

"Mama, hapa watu wanabembea. Kubembelezana mngemalizia nyumbani."

Nyuma yao wazazi waliosimama kuwatazama watoto wao wakacheka. Uso ukamwiva Bi Sindano. Na pengine angeondoka kweli, na tarikhi hii ingeishia hapo pasipo utukufu, kama Chiriku asingemshika kidole. Hakumwambia hakuna kitu. Hakumwambia atazame kalenda. Alimvuta tu kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Twende, mimi nitakaa upande wa nje."

Basi akapanda. Kiti kilitengenezwa kwa makalio ya miaka mitano, naye alikuja na ya hamsini. Magoti yakamfika kidevuni, na chuma cha kuzuia abiria kikagoma kushuka mpaka mwendesha mtambo alipokikalia. Kengele ikalia. Ka-ka-ka-ka, Kiwavi kikapanda, na dunia aliyoijua, pamoja na muuza soda na kaka yake mwenye mkoba, ikashuka chini yake kwa umbali wa kutisha ambao mtu mrefu angeweza kuugusa kwa fimbo. Akajaribu dawa yake mwenyewe: akatafuta kitu cha kutazama. Akaona tangazo ukutani, akalikazia macho, lakini ukuta nao ukaondoka zake. Kisha Kiwavi kikatumbukia, na kutoka kifua kile kilichonyamazisha askari na wabeba mizigo kikatoka kilio ambacho hakijapata kusikika uwanjani pale, kilio cha "Mama wee" kirefu, chenye vituo, kilichozunguka lile ua la plastiki na kurudi.

Kiwavi, wajue wasiojua, huzunguka mara tatu kwa zamu moja. Hakuna aliyemwambia. Waliporudi jukwaani alinyanyua mkono kumsihi mwendesha mtambo akisimamishe, naye, akidhani anasalimiwa, akampungia kwa furaha. Mzunguko wa pili aliupitisha macho yakiwa yamefumbwa na kichwa kikiwa kwapani mwa mtoto wa darasa la pili. Akaahidi mambo mengi kwa Mwenyezi Mungu, mengine hayatekelezeki. Lakini katika ule wa tatu, kilimani, alihisi mkono mdogo umeubana wake, na mkono ule ulikuwa umelowa jasho. Akafumbua jicho moja. Chiriku alikuwa amekauka, midomo imekaza, anatetemeka kama yeye, na wala hajamwachia.

"Na wewe unaogopa?" Bi Sindano akauliza.

"Ndiyo. Usiniachie."

Hakumwachia. Wakatumbukia pamoja, macho wazi, wakipiga kelele kwa sauti mbili.

Kiwavi kikasimama. Ilibidi mwendesha mtambo na kaka mtu wamvute mikono, mmoja huku mmoja huku, kama gunia lililokwama mlangoni, mpaka akatoka kitini. Akasimama jukwaani, kilemba kimemwendea sikioni. Chiriku akamtazama kutoka chini.

"Shangazi, ilikuwaje? Uliogopa?"

Yalimjia ulimini, yale maneno matatu ya kazi yake, yaliyozoea njia. Wazazi walikuwa wakisikiliza, kaka yake akisikiliza. Akayameza.

"Niliogopa, mwanangu," akasema. "Niliogopa nikipanda, nikaogopa nikishuka, na hata sasa naogopa, na chenyewe kimesimama."

Chiriku akalipima jibu hilo. Usoni pakalegea kitu kilichokuwa kimekaza tangu siku alipoingia uvunguni.

"Basi Jumanne nitalia," akasema.

"Lia."

"Kwa sauti kubwa."

"Kubwa kabisa. Nitakuwa nimekushika."

"Haya. Nitakwenda."

Basi na zivume zumari, na wapigwe wenye kupiga ngoma kama hawataki kupiga, maana siku ile Kiwavi cha Bati kilipandwa na mtu mzima kikashindwa, mbele ya mashahidi waliokuwa na meno na wasiokuwa nayo. Waandishi wa tarikhi waandike kwamba Bi Sindano alishuka akiwa na viungo vyake vyote, na kwamba kaka yake alimkumbatia bila kujua kisa ni nini, machozi yakimlenga. Na waandike, kwa wino usiofutika, kwamba Jumanne asubuhi Chiriku aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akipita ukumbi baada ya ukumbi huku akilia kwa sauti iliyotoa madaktari nje ya vyumba vyao, na kando yake muuguzi mrefu mwenye mabega mapana, akimkemea kila aliyethubutu kumwambia mtoto anyamaze.