Kwaya Bora kwa Mujibu wa Fomu

Nina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba Mashindano ya Kwaya za Shule za Msingi yamekamilika kwa ufanisi wa asilimia mia moja, bila mtoto hata mmoja kufungua kinywa.

Mimi ni Naibu Mratibu wa Muziki Shuleni. Zamani majaji walizunguka shule hadi shule wakisikiliza. Vurugu tupu! Huyu kwaya imemkosha, yule imemchosha, na wote wana masikio. Mwaka huu tukayaondoa masikio katika utaratibu. Kila shule ilijaza Fomu ya Uimbaji, kurasa sita, ikajieleza yenyewe inavyoimba, nasi tukatoa alama ofisini, chai mezani. Ili walimu wasibabaike, nilijaza kwa mkono wangu fomu ya kielelezo, ya Shule ya Msingi Fulani, nikaiambatanisha na maelekezo. Shule itakayoshika mkia ingefutiwa kipindi cha muziki, watoto wakafyeke nyasi.

Kazi ilikuwa ngumu jamani. Nyuma ya ukuta wetu kuna shule, na watoto wake huimba kila siku saa nne, mpaka unasahau ulikuwa unajumlisha ukurasa gani. Ilibidi tufunge madirisha ili tuisome vizuri fomu yao.

Matokeo yalipobandikwa, mwalimu wao wa muziki aliingia ofisini kwangu bila hodi, chaki bado mkononi.

"Kaka, eti sisi ndio wa mwisho?"

"Wa mwisho, Mwalimu, lakini kwa kufuata taratibu zote."

"Mlitusikia lini?"

"Tumewasoma. Kwenye kisanduku cha upungufu umeandika, 'Safu ya nyuma inawahi kidogo, tunairekebisha.' Wenzako wote wameandika 'Hakuna.' Sasa dada yangu, nani alikutuma?"

"Si ndio ukweli?"

"Ukweli una kisanduku chake, ukurasa wa sita. Umekiacha wazi."

Akaelekea dirishani. "Basi fungua hapa. Wanaimba sasa hivi. Dakika mbili tu."

"Kusikiliza nje ya fomu ni udanganyifu wa mtihani, Mwalimu."

Aligeuka kutoka dirishani. "Wale watoto nikawaambie nini?" Nakiri nilimwonea huruma, nikampa fomu ya rufaa, ile ndefu.

Mshindi alipata alama tisini na tisa. Mratibu Mkuu, ambaye tunamwita Mihuri kwa sababu hutembea nayo mfukoni, alitusomea fomu hiyo kwa sauti huku akijifuta machozi. "Waimbaji arobaini. Sauti, nzuri sana. Upungufu, hakuna. Kwaya si ndiyo hii!" Bila kutuuliza, akamwalika Waziri aje aisikilize Ijumaa.

Ijumaa asubuhi ndipo nilipoitupia jicho ile fomu. Mwandiko ulikuwa wangu. Fomu ya kielelezo ilikuwa imejichanganya na nyingine, ikasahihishwa na majaji watano, ikagongwa mihuri saba.

"Mzee," nikamnong'oneza Mihuri, "Shule Fulani haipo."

"Haipo vipi, na ina alama tisini na tisa?"

"Niliitunga mimi."

Mihuri alikaa chini taratibu. "Waziri yuko getini," alisema. "Kanuni ya nne. Aliyejaza fomu ndiye analeta kwaya. Kila la heri, mdogo wangu."

"Isome mpaka mwisho, Mzee. Inamalizia, 'pamoja na waliogonga muhuri.'"

Saa nne kamili maofisa kumi na wawili tulijipanga ukumbini, vitambi vimetangulia. Mihuri aliingia ubeti wa pili wakati mimi bado nahangaika na wa kwanza. Afisa Takwimu alitoa sauti moja ndefu isiyo na maneno, akashindwa kuizima. Waziri alivumilia beti mbili, kisha akainua mkono, tukanyamaza. Wimbo wa watoto ukaingia kupitia ukuta, safi kabisa.

"Na wale?"

"Wa mwisho, Mheshimiwa," nikasema.

"Na nyinyi?"

"Wa kwanza."

Waziri hakucheka. Ningeshukuru kama angecheka. "Kipindi chao cha muziki kisiguswe," alisema. "Na nyinyi nyote mkasome humo pamoja na watoto, mpaka mwalimu wao aridhike."

Hivyo basi, natoa taarifa kwa moyo mkunjufu kuwa Kamati yetu ya Mashindano imehamia darasa la tatu, watu watatu kila dawati, magoti yakigusa videvu. Mwalimu hutusikiliza mmoja mmoja mbele ya watoto. Jana ilikuwa zamu yangu. Darasa liliangua kicheko, Mwalimu akalituliza kwa upole, kisha akaniinamia.

"Kaka, kwa sasa wewe chezesha midomo tu. Sauti usitoe."

Onyesho la wazazi ni wiki ijayo. Mama watoto ameshaniambia atakuja, na majirani atawaleta.