Uzinduzi wa Kompyuta Zinazojisafisha Zenyewe

Mheshimiwa Mwakilishi wa yule Mwakilishi aliyeshindwa kufika. Waheshimiwa wakuu wa mitaa kutoka Kabezi hadi Kigwena. Masheikh na mapadri. Dada zetu wauza samaki wa ndagala wa Gitaza, mliofungiwa soko ili mpate nafasi ya kunisikiliza. Wageni waalikwa na mliojialika. Nami mwenyewe, Leonidasi, Mratibu Mkuu wa Muda wa Kamati ya Kudumu ya Kompyuta za Nyumbani, niliyejiweka mwisho kwa unyenyekevu ambao nadhani mmeusikia: amahoro! (Wachache wanaitikia.)

Ndugu wananchi, mwenye kompyuta nyumbani anateseka. Kila wiki afute mafaili yasiyo na kazi, atafute virusi, asasishe programu, anakili nyaraka zake kwenye flashi, utadhani ni yeye aliyeajiriwa na mashine. Kamati yangu, katika muktadha wa mchakato wa mfumo shirikishi wa kidijitali, imesema basi! Tangu Januari, programu yetu inayafanya yote hayo yenyewe, kila Jumamosi saa nne kamili, hata umeme ukiwa umekatika. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikokaa wanakamati.) Nyumba zilizofikiwa ni mia tatu na kumi na mbili, mafanikio ni asilimia mia, isipokuwa Jumamosi moja tulipopata asilimia mia na nne, na wataalamu bado wanalichunguza jambo hilo kwa furaha. Ndiyo maana niliwaandikia barua yenye muhuri, kukataza mtu yeyote kunakili mafaili yake kwa mkono, maana huko ni kuidharau projeti.

(Mwanamke anasimama katikati ya ukumbi.)

Ah, dada Latifa, fundi cherehani wetu! Ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, ni yeye aliyepiga picha vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa majirani kabla havijaoza, akavitunza kwenye kompyuta yake. Mfano bora wa mwananchi aliyefikiwa! Sema, dada, kwa kifupi.

(Latifa: "Bwana mukubwa, ordinateri yangu imekufa tangu Jumatatu, haiwake tena. Vyeti vya batoto arobaini na tatu viko ndani. Kesho ndio mwisho wa kuandikisha mutihani, na mutoto asiye na cheti hawamupokee. Hiyo programu yenu ilivitunza wapi?")

Swali zuri sana, nalijibu kwa ukweli na uwazi. Ripoti hii hapa, ukurasa wa kumi na tisa: Jumamosi iliyopita, nyumbani kwa Latifa, nyaraka zote zilihifadhiwa salama. Ina saini, ina muhuri. Watoto waende kesho na ripoti hii. (Mzee Rachidi, mvuvi aliyekaa karibu na meza: "Na hii ya Jumamosi inayokuja, mbona nayo iko na saini?") Mzee, usifunue kurasa za serikali! Huko kunaitwa kupanga mapema. (Kicheko kikubwa.)

(Latifa anafungua pindo la kitenge, anatoa flashi: "Barua yenu niliisoma, nikaendelea kunakili kila Ijumaa kwa mukono wangu. Vyeti vyote viko hapa. Nilitaka tu bazazi ba batoto basikie. Nani iko na imprimante ya kuvitoa kwenye karatasi?" Sauti kadhaa: "Twende kwangu!" Viti vinaburutwa.)

Msitoke! Zimebaki kurasa nane za hotuba! Dada Latifa, flashi hiyo haina kibali! (Mlango unajaa migongo.) Haya, tuseme pamoja: Mashine ifanye kazi! (Viti vinazidi kuburutwa.) Mwananchi apumzike! (Anajiitikia mwenyewe.)

Kabla sijashuka, namshukuru planto wa biro yangu, tarishi wetu mzee Pontiani, ambaye kwa alasiri moja, bila hata kunywa maji, alisaini na kugonga muhuri ripoti zote hadi Desemba, ili programu yenyewe, siku tutakapompata mtu wa kuiunda, ikute kazi yake imeshakamilika. Pontiani, hebu soma ya leo. (Pontiani anasoma: "Uzinduzi ulifana. Wananchi walikaa hadi mwisho, wakishangilia.")

Mmesikia? Nawashukuru sana kwa kukaa. Murakoze. Pontiani, anza kukunja viti.